Mkaja wa Mama Zuwena

Shinyanga, 9 Januari 1953

Mwanangu Zuwena,

Salamu zangu zikukute umekaa, miguu umeinyoosha, mgongo haukusumbui. Mimi mzima. Huku mvua inaanza na kuacha, inaanza na kuacha, na uani kwetu kumeota majani membamba ambayo sikuyapanda.

Dereva wa lori la pamba atakuletea kifurushi. Ndani mna nguo ya marekani niliyoifua na kuianika, nikaifua tena, mpaka ugumu wa dukani umetoka wote. Ukiishika utadhani imevaliwa miaka. Huo ni mkaja wako. Mwanamke akishajifungua tumbo hubaki limefunguka, upepo unaingia, mgongo unalegea, na kiuno hakikumbuki tena mahali pake. Kwa hiyo lifungwe.

Kwanza ukandwe kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo, taratibu, kuanzia mgongoni. Kisha nguo ianzie chini kabisa, kwenye nyonga, ipande juu, kila mzunguko ulalie nusu ya mwenzake. Isifike mbavuni, maana lazima upumue. Asubuhi ifunguliwe, uoge, ufungwe upya, hivyo hivyo mpaka arobaini.

Jambo moja usilipuuze. Atakayekufunga awe mwanamke aliyezaa, na watoto wake wawe hai. Mtafute mapema.

Ningekuja mwenyewe, lakini paa la nyuma linavuja na fundi kila siku ananiambia kesho. Na mguu wangu nao unajua namna unavyonifanya wakati wa mvua.

Jana mchana nilisinzia na kofia ninayoishona mapajani. Nikakuona unapita uani umebeba ndoo, maji hayamwagiki ingawa ndoo haina kitako. Ulikuwa unacheka. Nikaamka nikiwa nimejichoma sindano kidoleni, wala sikusikia maumivu.

Mamako,
Mwamvua


Geita, kambini, 27 Januari 1953

Mama, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Nimelala nacho kichwani siku mbili, kina harufu ya sanduku lako.

Mama, nitasema na usinikasirikie. Katika laini yetu hii ya nyumba tulikuwa wajawazito kadhaa. Mmoja kaitwa kwao Tabora, mwingine kwao Biharamulo, na wa mwisho kaja kuchukuliwa na kaka yake kwa miguu mpaka barabarani. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mama yake. Kila asubuhi naangalia barabara nikidhani utakuwa umetuma mtu aje anichukue. Umeniletea nguo. Wanawake wakiniuliza naenda lini nawaambia karibu, karibu, na sasa wameacha kuuliza.

Nilipoolewa na Nassibu ulisema umeridhia. Kama hukupenda nije huku kwenye mashimo ya dhahabu, ungeniambia siku ile.

Nimempata mtu wa kunifunga. Anaitwa Paskazia, Mzinza, Mama Gregory tunamwita. Ana watoto wengi na wote wanakimbia humu humu kambini. Ana mikono mipana na sauti ndogo. Ameinusa marekani yako akasema aliyeifua anajua kazi.

Hapa kuna kinu cha kusagia mawe kinachopiga mchana na usiku. Mwanzo nilikuwa sipati usingizi. Sasa kinaingia mpaka tumboni na mtoto anacheza kwa mapigo yake. Nikifumba macho sijui kama ni kinu, au moyo wangu, au wake. Nassibu akirudi kutoka shimoni vumbi la mawe limemkaa kwenye kope, anakuwa kama mzee aliyekuja kututembelea.

Niandikie ilikuwaje uliponizaa. Ulisikia nini? Uchungu unaanzia wapi? Mama Gregory ananieleza, lakini nataka kusikia kwako.

Mwanao,
Zuwena


Shinyanga, 11 Februari 1953

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Usidhani nina neno na mumeo. Nassibu ni mtu mwema. Paa ndilo linalonizuia, na mguu.

Unauliza siku uliyozaliwa. Ilikuwa mvua, Zuwena, mvua kubwa baada ya jua lililowamaliza ng'ombe. Maji yaliingia uani, vyura wakawa wanalia mpaka chini ya kitanda. Mchana ulikuwa wa kijani, sijui nikuelezeje, hata ukuta ulikuwa wa kijani. Bibi yako mzaa baba alichemsha maji kwenye sufuria ile iliyopinda ukingo. Kulikuwa na harufu ya maziwa na moshi. Mkono ulishika mguu wa kitanda, vidole vimekaza mpaka kucha zikawa nyeupe. Bibi yako alikuwa akisema polepole, polepole, kama anayemtuliza ndama.

Kisha ukaja. Ulikuwa na nywele nyingi zilizolala, na hukulia mara moja. Ulitazama. Bibi yako akakupiga kidogo mgongoni, ukalia, na vyura wakanyamaza wote kwa pamoja. Ukawekwa kifuani kwangu. Ulikuwa wa moto, moto wa mkate uliotoka jikoni. Nikasema moyoni, hiki ni changu, na nikaogopa kupumua.

Uchungu nimeusahau. Watu huusahau.

Msikilize Mama Gregory kwa mambo ya uchungu.

Mamako,
Mwamvua


Geita, 2 Machi 1953

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Mimi mkweo Nassibu naandika kukuarifu kwamba juzi Zuwena amejifungua salama mtoto wa kike. Mtoto ana afya na anapiga kelele. Tumempa jina la shangazi yangu, Zamoyoni.

Mama Paskazia alikuwepo mwanzo hadi mwisho, akamkanda na kumfunga kwa nguo uliyoileta. Nimemkuta mke wangu amekaa wima kama askari wa gwaride. Amecheka nilipomwambia hivyo, halafu akalia.

Alikuita wakati wa uchungu. Naona ni haki yako kujua.

Wako mtiifu,
Nassibu


Geita, 9 Machi 1953

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nimelala ubavu, Zamoyoni yuko kwapani. Ana paji la uso pana, sijui kalitoa wapi. Si la kwa akina Nassibu.

Mkaja wako nimeuzoea. Mama Gregory akiufunga huweka goti lake ubavuni mwangu, anavuta, mimi natoa pumzi, anavuta tena. Mwanzo nilidhani nitakatika. Kisha unakuja utulivu, Mama, nashikwa pande zote, na vilivyotawanyika ndani vinarudi kimoja kimoja na kukaa. Nasinzia hapo hapo. Kinu kinapiga kwa mbali, chini ya maji.

Siku hizi silali na siamki. Mchana jua linaingia kwenye ufa wa dirisha, linatambaa ukutani, na kuna mwanamke anakuja kusimama mlangoni. Si wa hapa kambini. Ni mrefu, ana chale ndogo pembeni ya macho, miguu imelowa, na kibuyu kichwani hakishikilii kwa mkono. Ananuka maziwa na moshi. Anasema "ng'wana wane", mwanangu, Kisukuma hicho nakijua. Simwogopi. Namwambia karibu ndani, anatikisa kichwa, anaangalia tumbo langu lilivyofungwa, kisha anatazama nyuma kama anayesubiri kitu kipite barabarani. Je, unamjua?

Nina joto. Joto limepanda mpaka masikioni, halafu linageuka baridi na meno yanagongana. Mama Gregory sijamwambia. Atanifungua, nami sitaki nguo yako itoke mwilini mwangu. Ndiyo niliyo nayo.

Na tena nimeisoma barua yako ya mvua mpaka imechakaa. Umenipa chumba chote. Umenipa vyura na sufuria na rangi ya ukuta. Lakini wewe mwenyewe sikuoni mle ndani, mpaka ninapowekwa kifuani kwako. Umeandika "mkono ulishika mguu wa kitanda". Hukuandika "nilishika". Mkono wa nani, Mama?

Labda ni joto tu linaloniandikisha.

Zuwena


Geita, 20 Machi 1953

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Samahani kwa nitakayoandika, sina elimu ya kupamba maneno.

Zuwena alishikwa na homa ya uzazi. Aliificha. Mama Paskazia alipokuja asubuhi kumkanda alimkuta anawaka, hajui yuko wapi, anaongea na mlango. Nikaitwa shimoni. Tulimpeleka hospitali ya kambi kwenye machela, nguo ikafunguliwa, akapigwa sindano siku nyingi. Homa imekwisha, namshukuru Mungu. Daktari alisema haikuletwa na kufungwa, ilianzia ndani, ila angesema mapema.

Sasa yuko nyumbani lakini hayupo. Mtoto ananyonya, yeye anatazama ukuta. Chakula anaonja. Tumbo lake bado liko wazi, na Mama Paskazia anasema sasa linaweza kufungwa tena, akiliacha hivi atakuwa mgonjwa wa mgongo maisha yake. Amekuja na nguo imefuliwa. Zuwena amegeukia ukutani. Amesema maneno haya na mengine hakusema: "Anifunge mama yangu, au nisifungwe."

Mama, kama ni mimi uliyenichukia kwa kumleta mwanao huku, njoo tu. Nitahamia kwa wenzangu wa laini ya pili mpaka utakapoondoka, hutaniona. Lakini njoo.

Nassibu


Mwanza, 29 Machi 1953

Mwanangu Zuwena,

Nimefika Mwanza kwa treni, niko kwa binamu yangu nyuma ya msikiti. Kutoka uani kwake nayaona maji. Ng'ambo yake ni kwenu. Asubuhi yanakuwa meupe kiasi kwamba huoni yanapoishia na mbingu inapoanzia, na nimekaa nikitazama weupe ule nikijua uko nyuma yake.

Sijavuka. Nataka barua hii ivuke kabla yangu, uisome, ndipo uamue.

Mkono ulioshika mguu wa kitanda haukuwa wangu.

Nilikuwa nimeolewa muda mrefu, na tumbo langu halijawahi kubeba kitu. Alikuwepo msichana wa Kisukuma aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Jina lake Mbuke, kwao upande wa Maganzo, ila alikaa mjini akitembeza maziwa ya ng'ombe wa watu. Mrefu, chale pembeni ya macho, kibuyu kichwani bila kukishika. Umemwona, kwa hiyo sina haja ya kukueleza zaidi. Mumewe, Makoye, alikwenda manamba Tanga kukata mkonge, akamwacha na mimba changa. Hakurudi, wala habari yake haikuja. Mbuke akishatuuzia maziwa alikuwa akienda stesheni kukaa. Treni ikisimama, anatazama madirisha yote moja moja, kisha anabeba kibuyu chake kitupu anarudi. Hakuwa analia. Alikuwa akinisimulia walioshuka, nguo walizovaa, mizigo yao, kama mtu aliyekwenda kutazama ngoma.

Siku ya mvua ile aliingia uani kwetu, akakitua kibuyu chini taratibu maziwa yasimwagike, ndipo akashika nguzo. Hatukuwa na muda wa kumpeleka popote. Mkono wake mmoja ulishika kitanda, mwingine ulinishika mimi. Yote niliyokuandikia ni kweli, vyura na rangi ya ukuta. Nilikuwepo. Ila nilikuwa upande wa pili wa kitanda.

Damu haikusimama. Bibi yako alifanya yote aliyoyajua. Kukawa na ngurumo ndefu mbali, na Mbuke akauliza, "Ni treni?" Nikamwambia ndiyo, ni treni. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni na kubaki hivyo.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, wewe uko kifuani kwangu, sijui nikuweke wapi. Bibi yako akafungua sanduku, akatoa marekani aliyoninunulia siku ya harusi yangu, ambayo ilikuwa haijapata kazi. Akaniambia, "Lala."

Nikamwambia si mimi niliyezaa.

"Mtoto huyu ataniuliza mama yake ni nani," akasema. "Nataka nimwonyeshe mtu. Lala."

Akanikanda kwa maji ya moto. Akanifunga tumbo lililokuwa kavu, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia nyonga. Na mimi, Zuwena, nilisikia vitu vinarudi mahali pake. Sikuambii hili ili unihurumie. Nilisikia. Nikalala arobaini nzima kama mzazi, majirani wakaniletea uji, jirani mmoja akakunyonyesha, na nilipoinuka nilitembea kama watembeavyo waliozaa. Marehemu baba yako hakuwahi kusema neno mpaka anakufa. Baadaye mtaa ukahama, wazee wakafa, wakabaki watu walioniona na mtoto tu.

Watu wa Mbuke walikuja kumchukua wakamzike, mama yake pamoja na ndugu yake wa kiume, Masele. Yule mama alikuona kifuani kwangu. Aliniwekea kiganja tumboni, juu ya mkaja, akakaa hivyo kitambo. Kisha wakaondoka.

Lakini siku ya arobaini bibi yako alinionya nisije nikamfunga mzazi wa kwanza. Mkono wangu haujapita njia hiyo, alisema, na unaweza kumfungia kizazi asizae tena. Nimeishi na neno hilo. Wanawake mtaani wameniita niwafunge mabinti zao, nimekataa, wakasema naringa. Ndugu wa Nassibu walipoleta mkaja siku ya ndoa yako, zawadi ya mama aliyejifunga tumbo kwa ajili ya bibi harusi, niliupokea macho yakiwa chini. Na ulipopata mimba niliogopa kukuita. Ungezalia kwangu, na wanawake wangeniwekea marekani mkononi, ningesema nini? Paa halivuji, Zuwena. Lilitengenezwa tangu mwaka juzi.

Sasa umeniona. Nilidhani nakulinda, kumbe nimekuacha uangalie barabara.

Ukisema nirudi, nitapanda treni na sitakulaumu. Ukisema nivuke nikae nawe bila kukugusa, nitavuka. Ukisema nikufunge, kwanza ujue ni mkono wa nani. Mwambie dereva wa lori la kambi jibu lako, atanikuta hapa hapa uani.

Mwamvua


Geita, 2 Aprili 1953

Mama,

Nimeisoma barua yako. Nikamsomea Nassibu. Akatoka nje, akarudi na maji ya kuoga, akaniogesha mwenyewe kama mtoto.

Nimekasirika. Nataka ujue hivyo kabla hujafika. Nimemkasirikia mtu ambaye sijui hata nimkasirikie kwa lipi. Nimemlilia mwanamke aliyekuwa mlangoni kwangu, nikamwambia karibu, na sikujua namkaribisha nani. Hajaja tena tangu homa iishe. Mchana wote naangalia mlango. Nikimtazama Zamoyoni naliona lile paji la uso, na sasa najua limetoka wapi, na hakuna wa kumwonyesha.

Uliniacha nione haya mbele ya watu kwa sababu ya neno la marehemu bibi. Hilo litanichukua muda.

Lakini umesema ulisikia vitu vinarudi mahali pake. Nakuamini, maana umeandika hasa ninavyosikia mimi, na hilo hakuna mtu angeweza kukuhadithia.

Mama Gregory nimemwambia yote. Alifikiri, huku anamenya mihogo, akasema kwao hawana mwiko huo. Kisha akasema hata wangekuwa nao, mtoto aliye kifuani ana njaa sasa hivi.

Vuka. Kama kizazi kitafungwa, basi kimefungwa, huyu mmoja anatosha na kelele zake.

Vuka, Mama. Mgongo unaniuma.

Zuwena


Maganzo, 16 Agosti 1953

Mama, shikamoo.

Najua uko karibu, ningeweza kupanda gari nikaja kukueleza kwa mdomo, lakini nimezoea kukwambia mambo kwa karatasi. Na tangu ulipokuwa Geita hatukusema sana. Ulikuwa ukinifunga kila asubuhi mikono ikikutetemeka, mimi natazama dari, na siku mikono ilipoacha kutetemeka sote wawili tuliona, hakuna aliyetaja. Nadhani hasira yangu ilitoka siku hiyo, ikatoka kimya kimya kama maji yanavyoingia ardhini.

Hukutaka kuja nami huku. Ulisema kichwa kinakuuma. Nikakuacha na kichwa chako.

Kutoka Shinyanga gari lilitushusha barabarani, mimi na Zamoyoni. Pande zote mbuga imekauka, ina rangi ya simba, na vumbi linasimama wima lenyewe, linatembea kidogo, linakaa. Niliuliza nyumba ya Masele, nikaonyeshwa mji wenye uzio wa minyaa. Nilidhani nitaamka nijikute kambini, kinu kinapiga.

Masele alikuwa anatengeneza jembe. Alinitazama, jembe likabaki mkononi. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliita ndani, "Mayu," yaani mama, na akatoka mama mzee, mrefu, amejikunja kidogo, chale pembeni ya macho. Mama yake Mbuke. Bibi yangu, Mama Masele.

Nilimsalimu kwa Kisukuma changu kibovu. Alinichukua mkono akaniketisha kwenye ngozi ya ng'ombe, akampokea Zamoyoni, akampitishia kidole kwenye paji la uso kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kisha akakipitisha na kwenye langu. Tulikaa hivyo. Kuku wakapita katikati yetu. Sikujua nilie au nifanye nini, na Zamoyoni akalala.

Baadaye aliniletea maziwa ya mgando, na nilipokuwa nakunywa akaweka kiganja chake tumboni kwangu. Akabonyeza, chini, kisha pembeni, kama anavyobonyeza Mama Gregory. Akasema kitu, na Masele akanitafsiria.

"Anasema limekaa vizuri. Anauliza nani alikufunga."

Nikasema, "Mama yangu."

Masele hakutafsiri, kwa sababu neno hilo Bibi analijua. Kisha akauliza kwa nini mama yangu hakuja. Nikamwambia ukweli, kwamba anaogopa.

Alicheka, kicheko kidogo kisichokuwa na meno, akaanza kusema na hakuacha, na Masele anatafsiri mbio mbio akishindwa kumfikia. Kumbe miaka yote hii anakuja Shinyanga kuuza karanga. Mtaa wetu anaujua. Aliniona nikiwa mdogo nacheza uani, siku moja nimevaa gauni la njano, na gauni hilo nalikumbuka. Akawa hapiti tena njia ile, anazunguka nyuma ya stesheni na mzigo wake kichwani, hata jua likiwa kali. Alidhani ukimwona utafikiri amekuja kunichukua. Na alidhani mimi nikimwona nitamuuliza kwa nini aliniacha. Alisema siku ile hakuwa na ng'ombe wa maziwa hata mmoja, wote walikufa na jua, na alipokuta umefungwa mkaja aliona nimepata mtu, akaogopa kuharibu.

Kisha akamwambia Masele neno moja polepole, na Masele akalirudia kwangu polepole.

"Mwambie anayeogopa ni mimi. Yeye aje."

Masele anakuja mjini Jumatano kwa baiskeli, kununua chumvi na vipuri vya jembe la ng'ombe. Atapita nyumbani. Ni mtu mkimya, usimdhanie ana kisirani. Umpe chai, umpe chumba apumzike, na asubuhi mpande gari pamoja, baiskeli watairusha juu.

Bibi ameanza kufagia uani tangu jana. Nimemwambia Jumatano bado. Anaendelea kufagia.

Mwanao,
Zuwena